Bonde Lisilo na Njia

"Usiiguse, baba, rangi bado haijakauka," mke wa mchoraji alimwambia mwanamume mnene aliyekuwa ameganda mbele ya picha kubwa kuliko zote ukumbini.

Mwanamume akaurudisha mkono mfukoni, lakini hakuondoka. Mke wa mchoraji alimtazama kwa tamaa isiyojificha. Maonyesho yalikuwa yanafungwa jioni hiyo na hakuna picha hata moja iliyopata mnunuzi. Mumewe alikuwa ameapa kwamba zisiponunuliwa, anarudi kufundisha shule. Na yeye mwaka mzima amewaringia majirani kuwa ameolewa na msanii! Angeuficha wapi uso wake?

Watu walikuwa wamepita, wamekuna vichwa, wamekwenda zao. "Bonde lenyewe liko wapi?" shangazi yake alimnong'oneza kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni. Hapakuwa na mti wala jiwe. Ni rangi ya udongo tu, inapanda na kushuka, na chini yake mstari mwembamba uliopinda.

"Mume wangu hachori vitu, anachora roho ya vitu," alieleza. Maneno hayo alikuwa ameyakariri. "Kila mwezi anajitosa porini na hema lake, wiki nzima. Wenzake hurudi wamekonda, yeye hurudi amenawiri! Hewa safi, baba, si mchezo."

Mwanamume akaisogelea picha zaidi. Macho yalikuwa yamemlowa. Mama wa watu akafurahi kupita kiasi: hatimaye kapatikana mtu wa kuielewa sanaa hii.

"Mke wangu alinikataza kuja," mwanamume alisema polepole. "Alisema nitapoteza muda wangu bure."

"Mwambie amekosea!"

"Nitamwambia." Akatoa pochi. "Nifungie zote. Leo hii hii. Sitaki mtu mwingine azitazame."

"Zote!" Nusura apige vigelegele. Akatafuta la kumsifia mumewe zaidi, mnunuzi asije akabadili mawazo. "Na hutajuta. Huko hakuna njia, baba. Hakuna aliyewahi kufika ila mume wangu."

"Hata mimi nilidhani ni mimi tu ninayefika huko."

Mke wa mchoraji akacheka, hakuelewa. "Kwani unakujua? Basi hata hicho kijito hapo chini unakijua!"

"Hicho si kijito, mama," alisema mwanamume. "Ni mshono wa mke wangu. Hapo ndipo alipotolewa kifungua mimba wetu."