Daraja la Siafu

Siku zile siafu walipokuwa bado wamegawanyika, Mungu alisema nao kwa sauti ya radi: "Mafuriko yanakuja. Vukeni kijito. Daraja nimeshawapa."

Wakakimbilia ukingoni. Daraja hawakuliona.

"Neno lilikuja kwetu sisi wekundu," akasema Tindo, mdogo wa mwili lakini mkubwa wa ubishi. "Nyinyi weusi mmeleta mkosi, ndiyo maana daraja limefichwa."

"Lilikuja kwetu!" akajibu Mzee Kuyu wa weusi. "Nyinyi mlisikia mwangwi tu."

Siafu akikasirika huuma, na akiuma haachii. Wekundu wakawadaka weusi miguu, weusi wakawadaka wekundu, hadi ugomvi mzima ukawa mnyororo mmoja. Mnyororo ukaporomoka, ukaning'inia kutoka ukingoni juu ya maji, Tindo akiwa mwisho kabisa, mguu wake umebanwa na Mzee Kuyu.

"Niachie, mzee!"

"Sikuachii!" akanguruma Kuyu bila kufungua taya.

Upepo ukawarusha. Tindo akagusa mzizi wa ng'ambo, akaukumbatia. Hapo ndipo alipoelewa.

"Usiniachie, mzee!" akapaza sauti, machozi ya furaha yakimtoka. "Daraja alilotupa ni sisi!"

Weusi wakapita juu ya migongo ya wekundu, wekundu juu ya weusi, malkia na mayai yao, wote wakiimba. Mwisho mnyororo wenyewe ukajivuta ng'ambo. Maji yalipofika, hayakumkuta hata mmoja.

"Sasa nikuachie, mwanangu?" akauliza Mzee Kuyu.

"Thubutu uone!" akasema Tindo.