Mlango wa Stoo

Sura ya saba ya riwaya ya mwandishi ilikuwa imewafanya watu wazimie ukumbini iliposomwa, na mashabiki wakazidi kuipenda. Ila mwandishi hakutaka mama yake, fundi cherehani aliyekuwa akipoteza macho, aisikie.

Leo mama aling'ang'ania asomewe. Mwandishi akasoma, lakini alipofika pale mtoto anapogonga mlango wa stoo mpaka ukucha unang'oka, na mama yake hafungui, akaruka kurasa mbili.

Mama akalizuia gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Umeruka mlango."

"Umejuaje, mama?"

"Jirani alishanisomea. Mara mbili."

Akaupapasa mkono wa mwanawe mpaka akakipata kidole gumba, kile ambacho ukucha wake haukuota tena vizuri.

"Soma, mwanangu. Safari hii nakuja kufungua."