Kimya cha Mnunuzi wa Mapipa

Murakoshi alifumba macho akijiandaa kusema ndiyo. Masharti ya yule mama wa Kimarekani aliyeketi mbele yake yalikuwa mazuri, mapipa yake ya mbao za mwaloni mazuri zaidi, na katika kiwanda chao cha wiski pale Osaka jambo zito hupewa kimya kwanza. Kumjibu mgeni papo hapo ni kumchukulia kama muuza karanga.

Kimya kikarefuka hata birika likasikika likipumua.

"Sawa, bwana, nimekuelewa," yule mama akasema. "Usafiri uwe juu yetu."

Murakoshi akafumbua jicho moja. Mama alikuwa akisugua kidole gumba chenye kovu, kidole cha mtu anayechonga mapipa kwa mikono yake. Kumbe alidhani amekataliwa!

"La, dada, mimi nilishakubali zamani." Maneno yalimfika Murakoshi mpaka kwenye meno, hayajatoka. Karani wake akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Nyamaza, bosi," akanong'ona. "Anashusha bei mwenyewe."

Uso wa Murakoshi ukawaka moto, kama mtu aliyekalia kofia ya mgeni na sasa hathubutu kuinuka.

"Basi hata Jumapili tutafanya kazi," mama akasema, akijilazimisha kucheka. "Ndugu zangu watanilaani. Lakini tukiikosa biashara hii, bwana, karakana ya baba tunaifunga."

Kidole kikaacha kusugua. Kikatulia mezani, kikisubiri.

Murakoshi akainua kikombe cha chai, akanywa taratibu mno, mdomo upate kisingizio cha kutosema ndiyo.