Umbo la Pembe Sita

"Pembetatu mbili zikioana, zinazaa nini?"

"Mraba!" Darasa la chekechea likaitika kwa kishindo, kila mtoto na vibao vyake mkononi. Vilikuwa masalia ya karakana ya mume wa mwalimu, fundi seremala, vimepigwa msasa mpaka vikateleza kama sabuni.

Binti wa mwalimu hakuitika. Alikuwa amechukua vibao viwili vyembamba kichwani na vipana matakoni, kama shangazi wa mtu, kimoja kirefu, kingine kifupi, akaviunganisha matako kwa matako.

Pacha mwenzake alikuwa hospitalini. Alfajiri baba yao alirudi kutoka kumuuguza, akasema, "Anaendelea vizuri, mama watoto. Wewe nenda kazini." Naye mwalimu akaenda.

"Haya bibie, umbo gani hilo?"

"La baba. Anatengeneza kama hili."

Mwalimu akainama. Vitanda, meza, kabati, vyote vya karakana ile alivijua. Hata hili alilijua, ndilo pekee ambalo anayetengenezewa haji mwenyewe kuchagua mbao.

"Kakwambia ni la nani?"

"Hajasema. Ulipoondoka, kabla hajanileta shule, alinilaza chali mezani, akanipima kwa utepe. Kasema mimi na mwenzangu urefu wetu mmoja."

Mwalimu akapitisha kidole kwenye ukingo wa vibao, pembe moja hadi nyingine. Alipofika ya sita akaanza tena ya kwanza.

"Utepe ulinitekenya, mama, nikacheka," mtoto akanong'ona. "Ndipo baba akaanza kulia."