Chupa ya Mwenyekiti

Gachau aliijaza chupa kwa maji ya kisima cha nyumbani, akaifunga vizuri, kisha akaandika juu yake: MTARO.

Chupa ilikuwa mpya kutoka dukani. Maji nayo ni yale yale waliyokunywa tangu mfereji wa mtaa wao, Makongeni, uanze kutoa hewa tupu, maji ambayo mamake aliyasifu kwa majirani kwamba ni matamu kuliko ya kununua. Nyuma ya ukuta, vijana wa ploti ya pili walikuwa washaanza kuvunja betri zao kuukuu za magari, na kelele zao hazikumsaidia mtu.

"Maggie amekataa chai tena," mamake alisema kutoka mlangoni. "Ati tumbo. Na mwalimu anasema akifundishwa kitu leo, kesho amesahau."

Maggie alikuwa kitinda mimba wao, wa gredi ya pili. Gachau ndiye aliyemfundisha kusoma, na zamani kidogo asingetoka nyumbani kabla ya kumwona.

"Hiyo ni minyoo, mum. Mpe dawa, na anywe maji mengi."

Alijibu akiwa tayari getini. Siku hiyo kichwa chake kilikuwa na mtu mmoja tu, naye ni Mourine.

Nani alianzisha klabu ya baiolojia sintetiki pale chuoni Ruiru, ile ya wanafunzi wanaowapa bakteria kazi mpya? Gachau. Nani aligeuza friji mbovu ikawa sanduku la joto la kuwakuzia, kwa balbu moja tu? Gachau huyo huyo. Halafu akaja huyu msichana wa mwaka wa pili na bakteria wake weupe, ambao wakikutana na madini ya risasi, sumu ile ya viwandani na ya betri za magari, wanageuka wekundu. Basi ikawa Mourine hivi, Mourine vile. Hata Daktari Mbaluka, mlezi wa klabu, alimwita Mourine kwa jina, na Gachau akabaki "huyu mwenyekiti wetu". Wivu ulimkaa tumboni kama githeri isiyoiva.

Leo wageni wangekuja kuona. Bakteria wakifaulu, Mourine ndiye angeongoza timu kwenye mashindano ya ng'ambo. Wakishindwa, angeongoza Gachau. Na ni Mourine mwenyewe aliyekuwa amemwomba: "Mwenyekiti, si wewe unaishi Thika? Tuletee maji ya ule mtaro wa viwandani. Wewe ndio naamini."

Mtaroni hakufika.

Maabarani, Mourine aliandaa vichupa viwili vya kioo mbele ya wageni. Kimoja alikitia maji ya dukani, kingine maji ya Gachau, kisha akaongeza bakteria wake.

"Hii ya dukani lazima ibaki nyeupe," alisema. "Ikigeuka, mjue bakteria wangu ni waongo. Hii ya mtaro tuipe nafasi mpaka baada ya lunch."

Akavifunika kwa kitambaa, akakinyoosha, akakinyoosha tena. Gachau aliiona hofu yake na akafurahi, aibu asione.

Alikula chapati na madondo, akaongeza. Alishapanga hata maneno ya kumfariji: pole, Mourine, sayansi ni hivyo, utazoea.

Waliporudi, Daktari Mbaluka alikiondoa kitambaa. Kichupa cha maji ya dukani kilikuwa cheupe pe. Cha pili kilikuwa chekundu, chekundu mpaka chini.

Wageni walipiga makofi. Gachau alibaki ameshika kiti, akikitazama kile kichupa kana kwamba kimemwita kwa jina. Mourine alikuja akamkumbatia mbele ya watu wote, machozi yakimlengalenga.

"Asante, mwenyekiti. Aki hata mimi sikutarajia iwe kali hivi." Akacheka, akajipangusa macho. "Heri hakuna mtu hukunywa hayo maji."

Simu ilitetemeka mfukoni mwa Gachau. Ilikuwa ni mamake.

"Nimempa dawa. Amemaliza jagi nzima vile ulisema. Sasa amelala, namwamsha haamki."