Mifano ya Kuudhi

Chakula kilikuwa kimeanza kupoa, na mtunga kamusi alikuwa bado kwenye Kilatini.

Neno lenyewe lilikuwa annoy, la Kiingereza. Alimweleza mkewe kwamba Warumi walipochukizwa na jambo walisema liko ndani ya chuki yao. Wafaransa wakayabana maneno hayo yakawa moja. Waingereza wakalipokea limechakaa, makali yamepungua, likabaki kuudhi tu. Mkewe aliitikia "ehe" kila ilipopasa, huku akifunika bakuli.

Maana alikuwa nazo tele. Alichokosa ni mifano. Ofisi yake ya kamusi iliwaomba wasomaji watume sentensi zenye neno kuudhi, zikaja kavu, hazina chumvi. Ndipo zilipoanza kufika kadi za mwanamke asiyetaja jina.

Siku ile mtunga kamusi alirudi nyumbani na mbili, akazisoma kwa sauti.

"Ananiudhi anapokoroga chai kama anayeita watu mkutanoni."

"Ananiudhi kwa kunimalizia maneno, tena anakosea."

Alicheka hadi akavua miwani afute macho. Akasema huyo mama anajua kuandika, ila amepatikana. Mume wa namna hiyo ni adhabu.

"Sijui anaishi naye vipi," alisema.

"Labda amemzoea," mkewe akajibu, akamsogezea sahani.

Kadi ziliendelea kuja. Zilipofika kumi na tisa, mkuu wa ofisi aliamua zote ziingie kamusini, na mwandishi wa kadi hizo atuzwe siku ya uzinduzi. Wakatangaza redioni. Baada ya wiki ikaja kadi fupi: atafika.

Mtunga kamusi alihesabu siku. Alipiga pasi suti yake mwenyewe, akamwambia mkewe avae vizuri, kwani hafla kama ile haiji mara mbili. Njia nzima alizungumzia jambo moja: tuzo ni ya mama, sawa, lakini yeye hamu yake ni kumwona mume. Mtu kama yule, alisema, ukimtazama tu utamjua.

Ukumbi ulijaa. Walipewa viti vya mbele. Mkuu wa ofisi alisoma kadi tano, watu wakavunjika mbavu, na hakuna aliyecheka kumshinda mtunga kamusi. Kisha mwandishi akaombwa apande jukwaani.

Mtunga kamusi aligeuka nyuma, akanyoosha shingo, akipekua nyuso za wanaume safu kwa safu.

"Nishikie mkoba," mkewe akamwambia, akainuka.