Upande wa Baridi

Shaame aliisogeza taa ya joto hadi pembe moja ya sanduku la kioo. Chatu wake alikuwa na mimba, na jana alimkuta akihema mdomo wazi kwa joto.

"Upande mmoja uwe moto, mwingine baridi," alimweleza mkewe. "Atachagua mwenyewe."

Raya alimsikiliza kutoka kitandani, kichanga kifuani. Tangu ajifungue, mama mkwe alikuwa amefunga madirisha, akamfunika blanketi na kuweka jiko la makaa chini ya kitanda, kama mzazi anavyotunzwa. Jasho lilimtiririka shingoni.

Ndani ya kioo, chatu alijivuta taratibu kuelekea kivulini.

"Na mimi, Shaame, upande wangu wa baridi uko wapi?"

Shaame alilitazama dirisha. Uani, mama yake alisikika akipepea makaa mengine.